MAFIGA YA ZAMANI, NYUNGU YA JIKO, NA KIFUA CHA MUTOTO



Ingia ndani ya nyumba ya kupikia asubuhi, mbele ya kuwasha moto. Inua macho. Miti ya paa iko myeusi. Utando wa buibui uko mweusi. Pitisha kidole kwenye ukuta, kidole nacho kinakuwa cheusi. Hayo ni masizi, na masizi yaliletwa na moshi. Sasa ujiulize neno moja tu: kama moshi umefanya ukuta hivi, umefanya nini ndani ya kifua cha mutoto anayebebwa mugongoni kila siku wakati wa kupika?

Karatasi hii inaonyesha namna ya kutengeneza mafiga ya zamani bila kubomoa nyumba na bila kununua jiko la bei kubwa. Tutatia nyungu moja ya udongo katikati ya moto. Lakini tunasema tangu mwanzo: nyungu inaokoa kuni. Ili kifua nacho kiokolewe, moshi lazima upewe njia ya kutoka. Kazi ni mbili, na watu wengi wanafanya moja tu, kisha wanashangaa juu ya nini mutoto angali anakohoa.

1. MAFIGA MATATU YANAFANYA NINI?

"Bankambo yetu walipikaka juu ya mafiga, na walizeeka." Maneno haya tunayasikia mara nyingi. Sisi hatuchekelei mafiga. Hayana bei. Yanashika sufuria kubwa na sufuria ndogo. Yanatoa mwangaza, na yanapasha nyumba joto. Mutu wa Lubero, wa Masisi ao wa Minembwe anajua baridi ya usiku, hahitaji kufundishwa.

Lakini angalia moto wenyewe. Uko wazi pande zote. Upepo unaupiga, na ndimi za moto zinakimbia pembeni ya sufuria. Kama joto la kuni lingegawanywa mafungu kumi, ni moja ao mawili tu yanayoingia ndani ya chakula. Mengine yote yanapasha hewa, ukuta, na magoti ya mupishi. Mama aliyebeba mizigo kumi ya kuni kutoka mbali, minane ao zaidi aliichoma bure.

Na moshi ni kitu gani? Moshi ni kuni ambayo haikuungua mpaka mwisho. Moto ukiwa mukali na ukipata hewa ya kutosha, moshi nao unaungua. Moto ukipozwa na upepo, ao kuni ikiwa mbichi, moshi unatoka mwingi. Ndani yake muna mavumbi madogo sana ambayo jicho haliyaoni. Yanapita pua, yanapita koo, yanafika chini kabisa ya mapafu. Muna pia hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu.

2. JUU YA NINI TUNASUMBUKA NA JAMBO HILI HOSPITALINI?

Kwa sababu tunaona matunda yake. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linahesabu kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa majumbani uliua watu karibu milioni 3.2 duniani pote. Kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Shirika hilo linasema pia kwamba ndani ya nyumba isiyopitisha hewa vizuri, mavumbi ya moshi yanaweza kupita kipimo kinachokubaliwa mara 100.

Mutoto mudogo anaumia mbele ya wengine. Mapafu yake hayajakomaa, na anapumua haraka kuliko mukubwa. Tena yuko karibu na moto saa zote, sababu mama yuko pale. Moshi unadhoofisha ulinzi wa kifua chake, na ugonjwa wa nimonia unapata mulango.

Mama mwenyewe, kisha miaka mingi, anapata kikohozi kisichopona, pumzi inakuwa fupi, na mutoto wa jicho anaweza kumufunika macho. Moshi unaongeza ugonjwa wa moyo na kupooza. Mama mwenye mimba anayevuta moshi sana anaweza kuzaa mutoto wa uzito mudogo. Na baba asiseme, "Hiyo ni habari ya bibi." Akikaa pale jioni kungoja chakula, anavuta hewa ileile.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwa rekodi ya mapafu. Kuni zinakuwa mbali. Kila muti ukikatwa, njia inazidi urefu. Katika Kivu na Ituri wanawake na wasichana wengi wameshambuliwa wakienda kutafuta kuni porini. Kwa hiyo, kupunguza kuni si habari ya franka peke yake. Safari mbili kwa juma mahali pa nne ni hatari mbili ambazo musichana wako hatakutana nazo.

3. NYUNGU YA JIKO NI KITU GANI?

Ni nyungu nene ya udongo isiyo na chini. Juu imefunguka ili kupokea sufuria. Mbele ina mulango mudogo wa kuni. Ndani ya mudomo wake kuna vinundu vitatu vya kushikilia sufuria. Inachomwa na mufinyanzi kama nyungu zote. Kisha unaiweka mahali pa mafiga, na unaizungushia mawe na potopoto mpaka inasimama imara.

Kitu hiki hakikubuniwa jana. Katika Kenya, wafinyanzi wanawake wamekuwa wakitengeneza nyungu za namna hiyo tangu miaka ya 1980. Jiko lake lilijulikana kwa jina la Maendeleo, kisha Upesi.

Nyungu inafanya kazi tatu. Inakata upepo. Inakusanya joto na kulipeleka juu, moja kwa moja chini ya sufuria. Tena inakuwa yenyewe ya moto sana, hivi kwamba moshi mwingine unaungua mbele ya kutoka. Ukilitumia sawasawa, jiko hilo linaweza kupunguza kuni fungu moja katika matatu, na wakati mwingine zaidi.

Katika Kivu kuna pia nyumba za zamani za matofali zenye shemine, ndiyo moto wa ukutani. Matata yake ni yaleyale: moto uko wazi, na joto linapanda kwa bomba na kupotea inje. Huko Ulaya watu wanatia sanduku la chuma lenye mulango ndani ya shemine ya zamani. Ni nyungu yetu hii, ila ya chuma. Ukikaa katika nyumba ya namna hiyo, usiwashe moto mbele ya kusafisha bomba. Masizi yaliyolala mule miaka mingi yanaweza kushika moto, na kiota cha ndege kinaweza kurudisha moshi wote chumbani.

4. NAMNA YA KUJENGA

Kwanza, kipimo. Mupelekee mufinyanzi sufuria unayotumia kila siku. Sufuria ikae juu ya vinundu, isizame ndani. Kati ya sufuria na mudomo wa nyungu ibaki nafasi ya unene wa kidole kidogo, ili moto upumue. Ikiwa nafasi ni ndogo sana, moto utazimika na moshi utaongezeka. Ikiwa ni kubwa sana, joto litakimbia.

Pili, udongo. Nyungu iwe na unene wa vidole viwili na urefu wa shibiri moja hivi. Mufinyanzi achanganye udongo wake na muchanga ao na vipande vya nyungu za zamani vilivyosagwa, ili usipasuke na moto. Ikauke kivulini polepole, juma mbili ao tatu. Jua kali linaipasua. Kisha ichomwe.

Tatu, mahali. Chagua pembe ambayo upepo wa mulango haupigi, lakini karibu na ukuta wa inje, sababu tutatoboa dirisha. Kama una matofali, jenga kwanza meza ya matofali mpaka kiunoni. Mama hatainama tena, na mutoto anayetambaa hatafika kwa moto.

Ine, kujenga. Kanyaga potopoto pamoja na nyasi zilizokatwa fupi. Ukiwa na mavi ya ng'ombe, tia kidogo. Simamisha nyungu mahali palipo sawa. Zungusha mawe na vipande vya tofali, na jaza potopoto katikati mpaka ukingo wa juu. Usifunge mulango wa kuni. Usitumie mawe uliyotoa mutoni juzi: mawe yenye mayi ndani yanaweza kupasuka kwa nguvu yakipata moto. Usitumie simenti karibu na moto, itapasuka vilevile.

Tano, kungoja. Hapa watu wengi wanakosea. Wanajenga asubuhi, wanapika mangaribi, na kesho jiko lina nyufa. Ngoja siku saba mpaka kumi na ine. Siku ya kwanza washa moto mudogo wa vijiti. Ukiona ufa mudogo katika potopoto, paka potopoto mupya na ngoja tena.

5. MOSHI UPEWE NJIA

Sasa tumefika kwa kazi ya pili, na tunaomba usiache kusoma hapa.

Katika milima ya Guatemala, inchi ya Amerika ya Kati ambako mama wengi wanapika na kuni kama sisi, waganga walifanya utafiti kati ya miaka 2002 na 2004 kwa jamaa zaidi ya 500. Nusu walijengewa jiko lenye bomba la kutoa moshi. Nusu waliendelea na moto wazi kwa wakati ule. Watoto wenye jiko la bomba walivuta hewa ya sumu kama nusu ya wengine, na nimonia iliyo kali ilipungua karibu fungu moja katika matatu. Nimonia yote kwa jumla haikupungua vya kutosha hata waganga waseme kwa hakika.

Katika Malawi utafiti mwingine ulitangazwa mwisho wa mwaka wa 2016. Watoto walikuwa zaidi ya 10,000. Jamaa zao walipewa jiko jipya lenye feni ya kupuliza moto, lakini bila bomba. Watoto walioungua na moto walipungua sana. Nimonia haikupungua. Moshi wa takataka, wa tumbako, na wa moto mwingine ulikuwa ungali pale.

Tunajifunza nini? Jiko zuri ndani ya nyumba iliyofungwa ni nusu ya kazi. Ufanye moja ya mambo haya, ao yote:

(a) Pika inje. Wakati wa kiangazi, jenga kipaa kidogo bila kuta. Njia hii haina bei yoyote.

(b) Toboa matundu mawili. Moja ni dirisha karibu na jiko, kubwa vya kutosha. Lingine liwe juu kabisa, chini ya paa, upande wa pili. Hewa safi inaingia chini. Moshi wa moto unapanda na kutoka juu. Usizibe matundu haya na gunia wakati wa mvua; weka kipaa kidogo cha kuyakinga.

(c) Tengeneza kofia ya tole juu ya jiko, na bomba lake lipite juu kuliko paa. Fundi wa tole anaweza kazi hii. Lakini sikiliza: kama paa lako ni la nyasi, usipitishe bomba la tole ndani ya nyasi. Litachoma nyumba. Kwa paa la nyasi, fuata njia ya (a) ao (b).

Na jambo la ine ambalo halihitaji fundi: mutoto akae mahali pengine. Dada, bibi, baba, mutu yeyote amushike mbali na moshi mpaka moto ukolee. Dakika za kuwasha ndizo zenye moshi mwingi.

6. KUNI NAZO

Kuni ikauke miezi mitatu ao zaidi chini ya kipaa. Kuni mbichi inatumia joto lake kukausha mayi yake mwenyewe, na inatoa moshi. Pasua kuni nyembamba, kama unene wa mukono wa mutoto. Tia mbili ao tatu tu. Sukuma ndani kadiri zinavyoungua. Usijaze mulango, moto unahitaji kupumua. Loweka maharagi usiku mbele ya kuyapika, na funika sufuria. Usichome plastiki wala mipira ya zamani kuwasha moto. Moshi wake ni sumu mbaya zaidi.

7. MASWALI TUNAYOULIZWA

"Munganga, moshi unafukuza mbu. Tukiutoa, malaria haitazidi?" Moshi unasumbua wadudu kidogo, lakini si kinga ya malaria. Lala ndani ya musitikere, ndiyo chandarua chenye dawa. Musitikere haiharibu mapafu.

"Na baridi? Tutie mbabula ya makala chumbani usiku?" Hapana, hata siku moja. Makala haina moshi mwingi, ndiyo sababu watu wanaiamini. Lakini inatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu wa Goma wanajua mazuku, hewa inayotoka ardhini na kuua mutu ao mbuzi bila kuonekana. Hewa ya makala ni nyingine, lakini nayo inakuja bila kubisha hodi. Jamaa wanalala, na asubuhi hawaamuki. Mbabula ilale inje. Ndani mutumie blanketi.

"Jiko langu halitoi mwangaza wala joto kama mafiga." Ni kweli. Joto lake limekwenda ndani ya chakula. Wengine wanarudisha mafiga pembeni ya jiko jipya, na moshi unakuwa uleule. Kwa mwangaza tafuta taa, hata ndogo ya jua. Kwa joto, ziba nyufa za ukuta wa chumba cha kulala, si matundu ya nyumba ya kupikia.

"Nyungu imepasuka. Tuitupe?" Kama ni ufa mudogo na nyungu ingali imeshikwa na potopoto, endelea. Kama kipande kimeanguka, mwambie mufinyanzi afanye nyingine. Potopoto na mawe yatatumika tena.

8. MULETE MUTOTO MBIO

Hata ukijenga vizuri, mutoto anaweza kugonjwa. Mutoto akikohoa, fungua nguo yake akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, kwa saa ao kwa simu. Anapumua haraka mno akifika:

pumzi 60 ao zaidi, kama hajatimiza miezi 2;
pumzi 50 ao zaidi, tangu miezi 2 mpaka mwaka 1;
pumzi 40 ao zaidi, tangu mwaka 1 mpaka miaka 5.

Ukiona hesabu hiyo, mupeleke kituo cha afya siku ileile. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani wakati anapovuta pumzi, ao hawezi kunyonya wala kunywa, ao anatapika kila kitu, ao ana degedege, ao analala bila kuamuka vizuri, usingoje asubuhi. Usimupe kwanza dawa ya majani. Usimukate kifuani. Njoo naye.

Na mutoto akiungua, mumwagie mayi safi ya baridi mahali pale dakika 20, funika na kitambaa safi, na umulete. Usipake mafuta, dawa ya meno wala majivu.

KUMBUKA

Nyungu ndani ya mafiga: kuni zinapungua. Njia ya moshi: kifua kinapumzika. Mutoto mbali na moto: haungui.

Mwezi ujao, kisha kujenga, paka chokaa ao udongo mweupe ukutani karibu na jiko. Ngoja miezi miwili, kisha pitisha kidole tena. Kama kidole kingali kinakuwa cheusi sana, moshi haujapata njia yake. Rudi kwa ukurasa wa matundu, uongeze tundu. Kama kidole kinatoka karibu safi, ita jirani naye apitishe kidole chake. Hakuna mafundisho yatakayomushika kuliko hayo.